Elektroni Haihami Peke Yake

"Elektroni ni nyepesi mno, kwa hiyo huhama kutoka molekuli moja hadi nyingine papo hapo." Kati ya dhana zote kuhusu uhamaji wa elektroni, hii ndiyo inayopotosha zaidi. Kweli, uzito wa elektroni haufiki hata sehemu moja kwa 1,800 ya uzito wa protoni. Lakini kinachochelewesha safari si elektroni, ni atomi zinazoizunguka. Chukua ioni ya chuma, yaani atomi ya chuma iliyopoteza elektroni, ndani ya maji. Imezungukwa na molekuli sita za maji, na chuma chenye chaji +3 huzivuta karibu zaidi kuliko chenye +2. Kabla elektroni haijahama kutoka ioni ya +2 hadi ya +3, pande zote mbili hazina budi kujipanga upya: huku maji yasogee karibu, kule yarudi nyuma kidogo, mpaka nishati iwe ileile elektroni ikiwa upande wowote. Mwanakemia Rudolph Marcus alianza kuliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1956, na mwaka 1992 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Nadharia hiyohiyo inabomoa dhana nyingine, kwamba msukumo wa nishati (yaani kiasi cha nishati kinachopungua elektroni ikihama) ukizidi, kasi ya kuhama nayo huzidi. Huzidi, ndiyo, lakini hadi kiwango fulani; ukipita hapo, kasi huanza kushuka. Wanakemia wengi walilitilia shaka jambo hilo kwa miaka mingi, na sishangai. Uthibitisho ulio wazi ulikuja Marekani mwaka 1984, pale John Miller na Gerhard Closs walipofunga kitoa elektroni na kipokezi chake kwenye ncha mbili za kiunzi kigumu. Umbali haukubadilika, walichobadilisha ni kipokezi, na msukumo pamoja nacho. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika fani hii, kwa sababu lina manufaa makubwa: katika kifaa cha kuvuna mwanga wa jua, msukumo wa kurudi ukipita kiwango hicho, elektroni iliyokwisha kutenganishwa inaweza kucheleweshwa isirudi ilikotoka, ikapatikana nafasi ya kuitumia.

Je, ni lazima molekuli zigusane? Wakati mwingine ndiyo. Mwaka 1953 mwanakemia Henry Taube na wenzake walichanganya kromiamu ya +2 na kobalti ya +3 iliyoshika kloridi. Elektroni ilipohamia kwenye kobalti, kloridi ilikutwa imeshikwa na kromiamu. Wakaweka kwenye myeyusho kloridi yenye mnururisho, wakaona karibu yote imebaki nje ya zao la mmenyuko. Maana yake kloridi ile ilikuwa daraja, imeshikwa na metali zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini ndani ya protini zenye metali, elektroni hupenya umbali wa zaidi ya nanomita moja bila metali hizo kugusana kabisa.

Kwamba plastiki haipitishi umeme ni dhana iliyopitwa na wakati tangu 1977. Poliasetilini, aina mojawapo ya plastiki, yenyewe hupitisha kidogo sana. Ikipewa iodini, ambayo huinyang'anya elektroni, upitishaji wake hupanda mara mamilioni.

Na wanaodhani rangi haihusiani na haya waitazame buluu ya Prussia, rangi ya kupakia iliyotengenezwa kwa chuma. Ndani yake chuma cha +2 na cha +3 vimeunganishwa kwa sianidi, yaani jozi ya kaboni na nitrojeni. Mwanga mwekundu unapofyonzwa, elektroni husukumwa kutoka chuma kimoja hadi kingine, nasi tunaona buluu. Ukiiongezea elektroni kwa umeme, chuma chote kikawa cha +2, buluu hutoweka, ukiziondoa, hurudi.