Wilbur Jackson alikuwa tayari jukwaani

Husimuliwa kwamba Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, kiliwafungulia Weusi mlango wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani baada ya kipigo kimoja: Septemba 12, 1970, mjini Birmingham, Sam Cunningham wa USC (Chuo Kikuu cha Southern California), kijana Mweusi, alikimbia yadi 135, wenyeji wakalala 42–21.

Hadithi tamu, ila kalenda inaikataa. Wilbur Jackson, Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa kuichezea Alabama, alikuwa ameshasajiliwa. Usiku ule alitazama tu, maana kanuni ziliwazuia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Kipigo kile, nadhani, kiliwanyamazisha mashabiki wagumu. Kocha Bear Bryant alishaamua. Mwaka 1971 John Mitchell, Mweusi mwingine, akamtangulia Jackson uwanjani, dhidi ya USC hiyohiyo. Alabama ikashinda 17–10.