Katuni elfu tano ndani ya nyumba: anza na chumba, mifuko baadaye

Kazi yangu ni kuhifadhi karatasi, na siku hizi wanaonitafuta zaidi ni wakusanyaji wa vitabu vya katuni. Mmoja ana matoleo elfu mbili, mwingine elfu tano, mwingine hajui idadi kwa sababu maboksi ya nyuma hajayafungua tangu ahamie. Swali lao la kwanza huwa moja: ninunue mifuko ya aina gani? Nami huuliza: zitakaa chumba gani? Mifuko ina nafasi yake na nitaifikia. Ila nimeshafungua maboksi ambayo kila toleo limevishwa plastiki safi na kuwekewa kadi ngumu ya kuliegemeza nyuma, na bado kuvu imetambaa kwenye majalada, kwa kuwa boksi lilisukumwa hadi likagusana na ukuta wenye unyevu.

Mfano ninaoutoa mara nyingi ni wa Edgar Church, mchoraji wa matangazo aliyeishi jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 1977 mfanyabiashara wa katuni Chuck Rozanski alinunua mkusanyiko wake kutoka kwa familia: matoleo yapatayo 18,000 au zaidi, mengi yakiwa ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hayakuwa na mifuko wala kadi. Yalikuwa yamelazwa marundo marundo ndani ya nyumba. Hata hivyo, kurasa za mengi zilikuwa bado nyeupe na rangi za majalada hazijapauka, kiasi kwamba mpaka leo nakala zilizotoka kwake hutajwa sokoni kwa jina lake. Kilichozilinda ni giza, hewa kavu ya nyanda za juu, na uzito wa marundo yaliyobanana hata hewa haikupenya kirahisi kati ya kurasa. Wengi wetu hatuna hali ya hewa ya namna hiyo, kwa hiyo tunalazimika kuitafuta ndani ya nyumba zetu.

Ukijua karatasi inavyokufa, utaelewa kwa nini nasisitiza hivi. Karatasi ya katuni za zamani ni ileile ya magazeti. Hutengenezwa kwa kusaga mti, na lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, hubaki humo. Lignini ikipigwa na mwanga na oksijeni hugeuka manjano, kisha kahawia. Wakati huohuo asidi iliyomo kwenye karatasi hukatakata nyuzi za selulosi, na karatasi hupoteza ulaini wake hadi ukikunja kona inavunjika. Joto na unyevu huharakisha uharibifu wote huu. Harufu ile tamu ambayo wengi tunaipenda tukifungua boksi la zamani ni ya karatasi inayooza taratibu. Naipenda mimi pia, na kila nikiinusa najua pa kuanzia kazi. Kuanzia miaka ya 1980 wachapishaji wengi walianza kuhamia karatasi bora zaidi, hivyo toleo la mwaka 1975 linahitaji ulinzi kuliko la 2015, hata kama hilo la pili ndilo lililokugharimu zaidi.

Sasa chumba. Chagua kilicho katikati ya nyumba, chenye kuta za ndani. Darini kuna joto, chini ya ardhi kuna unyevu, na chumba kinachopakana na bafu au jiko hupokea mvuke kila siku. Kabati la chumba cha kulala, lenye mlango unaofungwa na giza lake, mara nyingi linashinda chumba maalumu chenye dirisha kubwa na rafu za kuvutia. Nyuzijoto zisizozidi 20 hivi ni nzuri, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 65 na kukaa hapo, kuvu huota. Ukishuka sana karatasi hukauka na kuwa rahisi kuvunjika. Kama huwezi kufikia nyuzi 20, usikate tamaa, pigania uthabiti. Karatasi hunywa unyevu na kuutoa, ikivimba na kusinyaa, na kwa kuwa jalada ni la karatasi tofauti na kurasa za ndani, haziendi pamoja. Ndiyo maana utaona jalada limejikunja mawimbi ilhali hakuna maji yaliyoligusa.

Nunua kipimaunyevu kidogo, na usikitundike ukutani; kiweke kati ya maboksi, chini kabisa na nyuma kabisa, mahali ambapo hewa haizunguki. Hapo ndipo matatizo huanzia. Inua maboksi sentimita kumi hivi kutoka sakafuni, kwa rafu au hata vipande vya mbao, na acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya boksi na ukuta. Bomba likipasuka usiku, sentimita hizo kumi ndizo zitakazokupa muda wa kuokoa mali yako. Vile vipakiti vya silika jeli ambavyo watu hutupia ndani ya boksi na kuvisahau sivipendi: vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena mpaka vikaushwe, na havina uwezo wa kushindana na chumba kizima. Kama chumba ni chepechepe, tafuta mashine ya kukausha hewa, au hamisha mkusanyiko.

Wadudu hufuata unyevu uleule. Mende huchafua na kutafuna, mchwa humaliza boksi zima kutokea chini, na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukiwasha taa hukwangua uso wa jalada kutafuta wanga. Usipulize dawa juu ya maboksi, huacha madoa. Safisha, ondoa vyakula chumbani, na kila katuni za mitumba zinapoingia nyumbani, zifungie kwenye mfuko mbali na nyingine kwa wiki mbili tatu kwanza huku ukizichungulia.

Mifuko, kadi na maboksi

Plastiki zinazofaa ni tatu: polipropilini, polithini na poliesta, ambayo wengi huiita Mylar kwa jina lake la kibiashara. Mbili za kwanza ni rahisi kupata na zinatosha kwa sehemu kubwa ya mkusanyiko, ila zenyewe huchakaa. Zikianza kuwa na mawimbi, manjano au kunata, zibadilishe. Poliesta ni ngumu, angavu, na haibadiliki kwa miaka mingi sana. Mimi huitenga kwa matoleo ya zamani na yale ambayo huwezi kuyapata tena. Kuwekea kila toleo poliesta katika mkusanyiko wa maelfu ni fedha ambayo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye rafu na hewa ya chumba. Kitu cha kukimbia ni PVC, ile plastiki laini yenye harufu kali inapokuwa mpya: hutoa kemikali zinazoshambulia wino na karatasi.

Kadi ya kuegemeza nyuma iwe isiyo na asidi, lakini soma maelezo kwa makini. Nyingine zimepakwa kalsiamu kaboneti, kinga inayozima asidi, juu tu, ndani ni kadibodi ya kawaida ambayo siku moja itaanza kutoa asidi yake. Uliza kama kinga hiyo imechanganywa kadi nzima. Pia angalia ukubwa: katuni za Marekani za miaka ya 1940 ni pana kuliko za leo kwa karibu sentimita tatu, na za miaka ya 1960 ziko katikati. Ukilazimisha pana iingie mfuko mwembamba, ukingo unajikunja na haunyooki tena.

Namna ya kuingiza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kadi iingie kwanza, isimame vizuri, kisha katuni iteleze juu yake huku umeishika upande wa mgongo, penye pini. Ukisukuma kwa kona ya juu, kona ndiyo itakayolipa. Baada ya hapo, ulimi wa mfuko ukunjwe kwa nyuma na ubandikwe kwa kipande kifupi cha gundi ya utepe, ncha yake ikunjwe kidogo upate pa kushika. Wakati wa kutoa, bandua utepe wote uutupe, usiuache ukining'inia kwenye ulimi. Majalada mengi niliyoyaona yamechanika sehemu ya juu yalikutana na utepe huo wakati mwenyewe anavuta kitabu chake akisome.

Hapohapo tazama pini. Pini ikianza kutu utaona duara dogo la kahawia kwenye karatasi inayoizunguka, kabla hata chuma chenyewe hakijabadilika sana. Usiing'oe mwenyewe. Weka toleo hilo sehemu kavu zaidi uliyonayo, na ichukulie kutu hiyo kama taarifa kuhusu boksi zima.

Kuhusu maboksi, nachagua mafupi. Boksi refu la takriban sentimita 70 hubeba matoleo mia mbili na ushee yenye mifuko, na uzito wake hupita kilo 20. Mtu hulibeba mara moja, mara ya pili analiburuta, na mara ya tatu anaacha kabisa kulishusha. Tangu siku hiyo hakuna anayekagua kilichomo. Fupi hubeba karibu nusu ya hapo na kila mtu wa nyumbani analiweza. Katuni zisimame wima humo ndani, zisibanane hadi ushindwe kuingiza vidole, wala zisilegee zikalala upande, maana zikilala kwa miezi hupinda chini na mpindo huo hukaa. Boksi lisilojaa lijazie kwa kipande cha kadibodi safi. Na kama huna rafu, usipandishe zaidi ya maboksi matatu. La chini litabonyea, na isitoshe, toleo unalolitaka halikosi kuwa humo.

Mpangilio

Hapa wakusanyaji huchoka kwa sababu wanataka maboksi yenyewe yawe orodha. Mpangilio wa alfabeti kutoka A hadi Z unafaa ukiwa na matoleo mia chache. Ukifika elfu kadhaa, ukinunua kumi mapya ya herufi B unalazimika kusogeza kila kitu kuanzia B hadi mwisho wa chumba, boksi kwa boksi. Ushauri wangu ni kila boksi lipewe namba tu, 001, 002, na kuendelea, kisha orodha ndiyo iseme kila toleo liko namba ngapi. Mifululizo iliyokwisha ijaze maboksi yake hadi juu na yafungwe. Inayoendelea ikae maboksi yenye nafasi ya kukua. Mfululizo ukikwisha, uhamishe.

Ndani ya boksi panga kwa jina la mfululizo, mwaka ulioanza, kisha namba. Mwaka ni wa lazima, kwa sababu namba pekee hudanganya. The Amazing Spider-Man ilianza 1963, ikaanzishwa upya kwa namba 1 mwaka 1999, halafu mwaka 2003 ikarudi kwenye hesabu ya zamani kwa namba 500. Kinyume chake, Journey into Mystery iligeuka kuwa Thor kwenye namba 126 mwaka 1966 na hesabu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Usifuate herufi kubwa za jalada. Tafuta maandishi madogo ya kisheria, ambayo kwa kawaida huwa chini ya ukurasa wa kwanza au kwenye ukurasa wa taarifa za mchapishaji. Jina lililoandikwa hapo ndilo la kutumia. Na mwezi wa jaladani usiuchukulie kuwa ndio siku ya kutoka: kwa miaka mingi katuni za Marekani ziliandikwa mwezi wa mbele, mara nyingi miwili au mitatu baada ya kufika madukani.

Kwa orodha, lahajedwali ya kawaida inatosha: jina, mwaka wa kuanza, namba, hali, boksi. Hifadhidata ya bure ya Grand Comics Database, iliyoanza 1994, husaidia sana kuthibitisha majina na miaka. Kwa matoleo mengi ya Marekani ya siku hizi kuna njia ya mkato: pembeni ya msimbopau mkubwa kuna tarakimu tano ndogo. Tatu za kwanza ni namba ya toleo, ya nne ni jalada, ya tano ni uchapaji. Hivyo 01221 ni toleo la 12, jalada la pili, uchapaji wa kwanza. Ukishazoea, unaorodhesha boksi zima bila kuchomoa kitabu hata kimoja kwenye mfuko. Nakala ya orodha, pamoja na picha za majalada yenye thamani, iwe nje ya nyumba pia.

Usipange mkusanyiko wote kwa mkupuo. Anza na maboksi yaliyo kwenye hatari, yaani ya chini na ya karibu na maji, hata kama yana katuni usizozijali sana, maana kuvu haichagui. Maliza boksi moja, liandike kwenye orodha, lirudishe, ndipo ufungue jingine.

Kisha angalau mara moja kwa mwaka, toa matoleo machache kutoka nyuma ya kila boksi, yatazame pini, kingo na mifuko. Ukikuta unga wa kijani au mweusi, usifute kwa kitambaa, utausambaza na kuupachika kwenye karatasi. Vaa barakoa, yatie yaliyoathirika kwenye mfuko, yatoe chumbani mara moja, yaache yakauke kabisa kwenye kivuli penye hewa, ndipo upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini. Boksi la kadibodi lililokaa nayo litupe. Boksi jipya usiliweke mahali pale mpaka ujue unyevu ulitoka wapi.