Pua Nyeupe: Kuvu Inayomnyima Popo Usingizi

Popo mdogo wa kahawia wa Amerika Kaskazini huingia pangoni kabla ya theluji, akiwa amenenepa. Mafuta hayo ndiyo akiba yake ya miezi kadhaa, maana wadudu anaowala hawaonekani tena mpaka joto lirudi. Huning'inia, mwili hupoa ukakaribia ubaridi wa pango, moyo hupiga polepole mno. Hapo ndipo kuvu iitwayo Pseudogymnoascus destructans humpata.

Tumezoea ukungu unaoota penye joto na unyevunyevu. Huu hupenda baridi: ukizidi joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, haukui. Mwili wa popo aliye macho una joto la kuuzuia, lakini aliyelala hana kinga hiyo. Huota puani kama unga mweupe, ndipo ugonjwa ukapata jina, ila madhara makubwa yako kwenye mbawa. Ngozi ya bawa ni nyembamba sana, nayo husaidia kutunza maji na chumvi za mwili. Kuvu ikiila, popo hukaukiwa, husumbuka, huzinduka mara kwa mara. Kila akizinduka huupasha mwili moto kwa kuyachoma mafuta yale yale ya akiba. Mwishowe hutoka nje mchana, kwenye theluji, kutafuta maji na wadudu wasiokuwapo. Hufa kwa njaa.

Picha ya kwanza ya ugonjwa huu ilipigwa mwaka 2006 pangoni, jimbo la New York. Kufikia 2016 ulikuwa umefika jimbo la Washington, ng'ambo ya pili ya bara. Spishi tatu zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba jike wa popo mdogo wa kahawia huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Kuvu hii haiwaambukizi watu, lakini tunaibeba. Popo wa Ulaya huishi nayo bila kufa kwa wingi, na yaelekea ilivuka bahari kwa viatu au vifaa vya binadamu. Kwa hiyo ndugu zetu mlioko Marekani na Kanada, mkitoka pangoni ondoeni tope lote, kisha lowekeni vifaa vinavyostahimili kwenye maji ya moto ya nyuzi 55 au zaidi kwa dakika 20. Viatu vya huko msije navyo kwenye mapango ya Amboni, Tanga. Na mkimwona popo ameanguka kwenye theluji, msimshike kwa mikono mitupu, kwani anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ijulisheni ofisi ya wanyamapori ya jimbo.