Je, wajua kwa nini Linux hufuta draiva za vifaa ambavyo bado vinawaka?

Kompyuta nyingi zinazouzwa Lubumbashi zilikwisha kufanya kazi kwingine kabla ya kufika hapa. Ziliandika barua za ofisi za Ulaya kwa miaka kadhaa, zikapakiwa kwenye kontena, zikashushwa bandarini, zikavuka mpaka wa Kasumbalesa, na leo zimepangwa mezani karibu na soko la mtaa wa Kenya, bei imebandikwa kwa selotepu. Nyingi kati yake Windows 11 inazikataa, maana inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo mafundi huziwekea mfumo endeshi mwingine, Linux. Kisha siku moja mteja anasasisha mfumo, na kadi ya zamani ya PCI, ile inayochomekwa ndani ya kasha, iliyokuwa ikifanya kazi jana haionekani tena. Fundi anafungua kasha, anaichomoa, anaipuliza vumbi, anairudisha mahali pake. Kimya. Anamwambia mteja: "Papa, karte haijakufa. Kerneli ndiyo haiijui tena."

Haiijui kwa sababu kuna mtu aliyeifuta, tena kwa makusudi, na wenzake wakakubali. Kwa nini mtu afute kitu kinachofanya kazi?

Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kuzungumza na vifaa. Ili izungumze na kifaa fulani inahitaji msimbo unaokijua kifaa hicho, yaani draiva. Mafundi wa Lubum wengi husema piloti. Kwenye Windows, draiva nyingi hutoka kwa mtengenezaji wa kifaa, zikiwa zimefungwa. Asipotoa ya biti 64, yaani ya Windows za siku hizi, printa yako nzima inabaki pambo. Kwenye Linux draiva hukaa ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe, hadharani, na kila anayetaka anazisoma. Toleo la kwanza la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, la 1991 lilikuwa na mistari takriban 10,000. Mwanzoni mwa 2025 msimbo huo ulifikia mistari milioni 40, na zaidi ya nusu yake ni draiva.

Ukisikia milioni 40 utadhani wanafuta ili kupunguza uzito. Wala. Draiva nyingi hutengenezwa kama moduli, yaani faili dogo linalolala kwenye diski na ambalo karibu kila mara haligusi RAM mpaka kifaa chake kionekane. Andika lsmod kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaona zilizoamshwa: chache tu ukilinganisha na maelfu yaliyolala. Kwa hiyo anayekuambia kompyuta itakimbia kwa sababu Linux imefuta draiva ya kadi ya miaka ya tisini, anakuuzia hewa. Mzigo wa draiva hiyo hauko kwenye mashine yako. Uko mgongoni mwa watu.

Tazama kilichotokea 2017. Ndani ya kerneli kuna saa za kengele. Draiva huagiza: niamshe baada ya muda mfupi, nione kama kadi imejibu. Zamani, kengele ilipolia, kerneli iliiamsha draiva na kuikabidhi namba tupu, na draiva yenyewe ikaigeuza namba hiyo kuwa anwani ya kumbukumbu. Mtindo huo uliwafaa sana wavamizi: ukiweza kuchezea namba na jina la kazi inayoamshwa, vyote vikiwa vimewekwa pamoja, umeishika kerneli. Kees Cook, mhandisi wa usalama, na wenzake wakaubadilisha, kengele ikawa inakabidhi anwani ya saa iliyolia. Badiliko lenyewe ni dogo. Lakini kila mahali palipotumia saa hizo ilibidi paguswe, mamia ya mafaili, mpaka kazi ikaisha katika toleo 4.15 lililotoka Januari 2018.

Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba hii. Programu zinazotumika juu ya kerneli hazivunjwi, hilo Torvalds hulisimamia kwa ukali. Viungo vya ndani, vile vinavyounganisha draiva na kerneli, hubadilishwa wakati wowote, ila anayevibadilisha lazima awarekebishe wote wanaovitumia. Sasa jiweke kwenye kiti chake. Umefika kwenye draiva ya kadi ya mtandao ya ISA, aina ya tundu la kadi lililotangulia PCI. Kadi huna, rafiki zako hawana, aliyeiandika hajibu barua pepe tangu zamani. Unabadilisha mistari, inakompaili (inageuka kuwa programu) bila kelele, unaendelea na nyingine huku ukimwomba Mungu. Baada ya mabadiliko kumi ya namna hiyo, draiva bado imo kwenye orodha, ina jina na maelezo yake, na hakuna anayejua kama bado inaweza kuwasha kadi.

Kwa maoni yangu draiva ya aina hiyo ni mbaya kuliko kutokuwepo. Inamdanganya mtu wa mtaa wa Katuba anayesoma orodha, anaona kadi yake inaungwa mkono, anatoa pesa, halafu anamlaumu muuzaji.

Kisa cha flopi kinaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2019 mtunzaji wa draiva yake, Jiri Kosina, hakuwa tena na kifaa kinachofanya kazi cha kuipimia. Torvalds akaiandika kuwa yatima, na hilo si neno langu la kupamba: ni hali rasmi katika faili liitwalo MAINTAINERS, linalotaja nani anatunza nini. Yatima huyo alipata mlezi, Denis Efremov, akabaki. Wengi hawapati.

Usalama nao una sehemu yake. Mwaka huohuo wa 2017, Alexander Popov, mtafiti wa usalama, alionyesha hitilafu ndani ya n_hdlc, msimbo wa mawasiliano ya laini za seri, iliyokaa humo tangu 2009. Karibu hakuna mashine iliyokuwa na kifaa kinachohusika. Haikusaidia kitu. Moduli ilikuwepo kwenye diski, na mtumiaji wa kawaida kabisa aliweza kuiamsha mwenyewe kwa kufungua terminali bandia na kuomba aina hiyo ya laini; kutoka hapo angeweza kujipa mamlaka yote ya mashine. Ni kama geti la nyuma la kiwanja ambalo familia haijalitumia miaka minane: wewe umelisahau, mwizi hajalisahau. Tangu 2017 pia kuna roboti ya Google, syzbot, inayoirushia kerneli amri za ovyo usiku na mchana na kutuma ripoti kila inapoanguka. Ripoti ya draiva isiyo na mtumiaji hata mmoja hula saa zilezile za mtu ambazo zingeliwa na ripoti ya draiva ya mamilioni.

Basi wanaamuaje? Watu wengi hudhani ni umri, na mifano inayotajwa sana huonekana kuthibitisha hivyo. Prosesa ya 386 iliondolewa katika toleo 3.8 la Februari 2013, ingawa ndiyo Torvalds aliyoanzia Linux. Alipoletewa pendekezo alijibu kwamba hana huzuni nayo. Lakini mwezi huohuo kulikuwa na kitu kipya njiani: prosesa za Meta (za kampuni ya Imagination, si ile ya Facebook) ziliingia katika toleo 3.9 la 2013, na miaka mitano baadaye zikafutwa. Zilitoka katika toleo 4.17 la 2018, pamoja na aina nyingine saba za prosesa, baada ya Arnd Bergmann, mmoja wa watunzaji wa kerneli, kuwatafuta watunzaji na watengenezaji na kukuta hakuna anayeweka Linux mpya juu yake. Karibu mistari nusu milioni iliondoka kwa mpigo. Wakati huo prosesa za familia ya Motorola 68000, za kompyuta za Amiga zilizoanza miaka ya themanini, ziliachwa salama, kwa sababu zina watu wanaozipenda na wanaozipima.

Kuna mfano ninaoupenda zaidi, na mahabara za migodi hapa Katanga zitauelewa. GPIB ni waya wa kuunganishia vyombo vya kupimia uliotoka kwa Hewlett-Packard, ukafanywa kiwango rasmi 1975. Draiva zake kwa miaka mingi ziliishi nje ya kerneli. Zilikaribishwa ndani katika toleo 6.13, Januari 2025. Kiwango cha nusu karne kinaingia, wakati prosesa ya juzi imetoka! Waya wa GPIB ulikuwa na mtu aliyekuja kusema: naitumia, nitaitunza.

Kufuta kwenyewe ni kazi nyepesi. Mtu huandika pendekezo ambalo karibu kila mstari wake unaanza na alama ya kutoa: mafaili ya draiva, mstari mmoja kwenye Makefile (maelekezo ya kuijenga kerneli), maelezo kwenye Kconfig (orodha ya vya kuchagua), jina kwenye MAINTAINERS. Wakati mwingine draiva huhamishiwa kwanza kwenye saraka ya staging, iliyoanzishwa 2008 kwa draiva zisizoiva, na ambayo sasa ni mlango wa kutokea pia. Inakaa humo matoleo kadhaa, kila moja likichukua wiki tisa au kumi, na swali linaulizwa: kuna mtu anaitumia? Akijitokeza, inarudi. Akichelewa, Git, ghala la msimbo, inatunza historia yote na msimbo unaweza kufufuliwa. Mwishoni mwa 2022 draiva ya pktcdvd, ya kuandikia CD zinazofutika, iliondolewa. Januari 2023 ikarudishwa kwa sababu kuna mtumiaji aliyelalamika.

Tatizo letu liko hapo kwenye swali. Kerneli haitumi habari zako kokote, haihesabu watumiaji. Wanaofuta hawajui kwamba kuna mtu mtaani Kamalondo anachapa vyeti kwa mashine ya 2003. Wanajua tu nani alijibu kwa Kiingereza katika wiki chache ambazo swali lilikuwa mezani. Sisi tunatumia vifaa vya zamani kuliko karibu kila mtu kwenye mjadala huo, na ndio tusiojibu.

Madhara nayo yana kiasi. Toleo 6.3 la Aprili 2023 lilifuta draiva za kadi za picha kama 3dfx, SiS, S3 Savage na ATI Rage 128. Skrini bado inawaka kwa draiva ya kawaida. Kilichokwenda ni picha za 3D, na hata hizo programu ya Mesa ilikwisha kuziacha tangu 2012. Pia kuna matoleo ya kerneli yanayotunzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo kilichofutwa leo hakikufikii kesho. Mwenye kompyuta ya biti 32 ajue tu kwamba katika Debian, mojawapo ya Linux zinazosambazwa, toleo la 12 ndilo la mwisho kuwa na kisakinishi chake. Debian 13 ya Agosti 2025 haina.

Kabla ya kusasisha mashine yenye kadi ya zamani, andika lspci -nnk na upige picha skrini. Chini ya kila kifaa utaona jina la draiva inayotumika, na pembeni namba mbili kwenye mabano za mtengenezaji na za kifaa. Weka pia matokeo ya uname -r, yaani toleo la kerneli ambalo kadi ilikubali. Kadi ikipotea baada ya kusasisha, kwenye menyu ya kuwashia chagua kerneli ya awali, mara nyingi bado ipo. Ukitaka kuwaandikia watunzaji, wanachohitaji ni hizo namba, jina la draiva, toleo la mwisho lililofanya kazi, na sentensi moja kwamba uko tayari kupima marekebisho watakayokutumia. Kiingereza kibovu hakiwakwazi. Kwa wengi wao wenyewe si lugha ya mama.