Rejeta ya gari kwenye ndege ya kujiundia: yanayoaminika gereji na yanayotokea angani

"Injini hii imepanda milima ya Kabale na abiria watano bila kuchemsha, itashindwaje kuinua watu wawili?" Hoja hii husikika kila mtu anapotaka kuitoa injini ya Subaru kwenye gari lililogongwa na kuifunga kwenye ndege anayoiunda mwenyewe, na ugumu wa kuijibu unatokana na kwamba nusu yake ya kwanza ni kweli. Gari dogo linalokwenda Masaka kwa kilomita 100 kwa saa hutumia takriban robo tu ya nguvu za injini yake, na hata kwenye kona za Kabale dereva huachia mafuta, hubadili gia, husubiri lori lililo mbele, na kila mara maji hupata nafasi ya kupoa. Ndege haina nafasi hiyo. Inaporuka kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, injini hufanya kazi kwa nguvu zote tangu magurudumu yanapoanza kubiringika hadi rubani afikie kimo anachokitaka, na huenda zikawa dakika 10 mfululizo. Injini ya kilowati 75, yaani nguvu za farasi 100, humwaga kwenye maji joto la kilowati 40 hadi 60 kwa muda huo wote.

Jibu la haraka ni kwenda soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala kutafuta rejeta kubwa zaidi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dhana ni kwamba kinachopoza ni ukubwa wa rejeta. Ukweli ni kwamba kinachopoza ni hewa inayopenya katikati ya mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangana, na hewa haipenyi ila iwepo tofauti ya shinikizo kati ya uso wa rejeta na mgongo wake. Katika kimo cha Entebbe, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo wa kilomita 180 kwa saa una shinikizo la kuweza kuinua maji ya kwenye mrija kwa sentimita 13. Kwa mwendo wa kupanda wa kilomita 100 kwa saa, uwezo huo hushuka hadi sentimita 4 tu. Kwa hiyo wakati injini inapotoa joto jingi kuliko wakati wowote mwingine, ndipo upepo wa kulichukua unapokuwa dhaifu. Rejeta kubwa iliyosimamishwa wazi mbele ya injini huongeza ukinzani wa hewa, hupunguza mwendo wa kupanda, na huenda ikachemsha vilevile.

Rejeta hutaka nyumba yake. Mdomo wa kuingizia hewa huwa mdogo kuliko uso wa rejeta, mara nyingi chini ya nusu yake, kisha njia hupanuka polepole ili hewa ipunguze mwendo na kuongeza shinikizo kabla ya kufika kwenye mapezi. Nyuma njia hubanwa tena, na hewa hutolewa mahali penye shinikizo dogo. Wengi hushughulikia mdomo na kuisahau sehemu ya kutokea, ilhali hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Pembeni napo pana hila: ukiacha ufa wa upana wa kidole kati ya rejeta na nyumba yake, hewa itapita hapo, kwa kuwa hapo hakuna mapezi ya kuizuia. Kipande cha sponji ngumu kilichobanwa vizuri pande zote nne huenda kikasaidia kuliko rejeta mpya. Anayetaka kujua badala ya kubahatisha achukue mrija wa plastiki unaoonekana ndani, aukunje kama herufi U, autie maji nusu, aelekeze ncha moja mbele ya rejeta na nyingine nyuma yake, kisha asome tofauti ndege ikiwa inapanda.

Dhana nyingine inasema kwamba juu kuna baridi, kwa hiyo injini itapoa yenyewe. Ni kweli kwamba joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila kilomita moja, lakini hewa nayo huwa nyepesi, na sisi huanzia juu tayari: siku ya nyuzi 25 pale Entebbe, hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ile ya kawaida ya pwani. Maji nayo huchemka mapema, karibu nyuzi 96 Entebbe na 90 kwenye kimo cha mita 3,000. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la bari 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi takriban 116 na 113. Springi ya kifuniko ikilegea, kinga hiyo yote hutoweka, ingawa kifuniko ni kitu cha bei ndogo ambacho wengi hukihamisha na injini kuukuu bila hata kukikagua.

Kung'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ni desturi ya gereji zetu, na husindikizwa na maelezo kwamba maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi, kwani maji yanayozunguka kwa kasi hubeba joto zaidi. Katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Fundi anayesema maji ya bomba yanatosha ana nusu ya ukweli: maji matupu hubeba joto zaidi kuliko kulanti, dawa ya kuzuia kuganda na kutu, na barafu si tatizo letu, lakini alumini huliwa polepole, kwa hiyo ni heri kuchanganya kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke.

La mwisho ni hewa iliyonaswa ndani. Ndege yenye gurudumu dogo mkiani hukaa pua juu ikiwa chini na hulala sawa ikiwa angani, hivyo sehemu ya juu kabisa ya mipira ya maji, ambako mapovu hukusanyika, hubadilika, na tangi la kukusanya mapovu lazima liwe juu katika hali zote mbili. Sababu ya kulisisitiza hili iko kwenye geji: kihisio cha joto husoma maji yanayokigusa, na maji yakiisha husoma hewa, hivyo sindano huweza kushuka wakati injini inaungua. Geji ya shinikizo la maji, au taa ya kuonya maji yanapopungua, huonyesha upungufu huo mapema. Rubani anayepanda kwa nguvu zote na kuona sindano ya joto ikianguka ghafla aanze kutafuta pa kutua.