Pachikodi za faiba: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Intaneti ya ofisi ikiyumba, wa kwanza kulaumiwa ni mtoa huduma, wa pili ni ruta. Pachikodi, ule waya mfupi unaounganisha kisanduku cha faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) na swichi ya mtandao, haiulizwi kitu, kwa sababu ni ya bei ndogo na kwa macho haina kasoro. Ukisimama kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi utasikia ushauri mwingi kuhusu waya huu. Baadhi ni mzuri. Mwingine unawagharimu watu siku nzima za kutafuta tatizo mahali ambapo halipo.

Ushauri unaosikika zaidi ni kwamba faiba ni faiba, mradi konekta, kile kichwa cha waya, iingie. Konekta itaingia kweli. Ganda la kioo linalozunguka kiini lina upana wa mikroni 125 (mikroni ni elfu moja ya milimita) kwa faiba zote za kawaida, na konekta ya LC, ile ndogo ya kwenye swichi, ina umbo lilelile kwa zote. Kinachotofautiana ni kiini chenyewe, yaani njia ya mwanga. Cha singomodi, faiba inayopitisha mwanga kwa njia moja tu, kina mikroni 9 hivi, cha maltimodi ya sasa, inayopitisha kwa njia nyingi, mikroni 50, na maltimodi ya zamani ya OM1 ina 62.5. Mwanga uliojaa kiini cha mikroni 50 ukiingia kwenye cha mikroni 9, kwa hesabu ya eneo tu unaobaki ni takriban asilimia 3. Huo ni upotevu wa desibeli 15; kila desibeli 10 ni mwanga kupungua mara kumi. Kinachowadanganya mafundi ni kwamba wakati mwingine laini hushika, hasa waya ukiwa mfupi na mwanga ukiwa umeingia katikati ya kiini. Kesho yake mtu anafungua raki, lile kabati la vifaa, waya unatikisika, laini inakatika, na swichi ndiyo inayobadilishwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, soma moduli iliyo kwenye swichi, kile kipande kinachochomekwa ili kutoa na kupokea mwanga. Moduli ya 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) iliyoandikwa SR hutoa mwanga wa nanomita 850 na inataka maltimodi. Iliyoandikwa LR hutoa 1310 na inataka singomodi. Waya uliolazwa ukutani nao uwe wa aina hiyohiyo.

Rangi husaidia, ila haitoshi. Manjano ni singomodi, chungwa ni maltimodi ya OM1 au OM2, na ile samawati ya bahari inaweza kuwa OM3 au OM4. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la nje la waya. Na usilipie OM4 kwa kuamini kwamba ina kasi kuliko OM3: kwa 10G, OM3 hufika mita 300 na OM4 mita 400. Ndani ya raki, kwenye waya wa mita 2, hutaona tofauti yoyote. Kinyume chake, jengo lililowekewa OM1 miaka ya nyuma halitapona kwa kuchomekewa pachikodi mpya za OM4. OM1 huishia mita 33 kwa 10G, na kila mahali mwanga unapotoka kwenye kiini cha 62.5 kuingia kwenye cha 50 unapoteza karibu desibeli 2.

Sasa tuje kwenye konekta ya kijani na ya buluu, kwa sababu hapa ndipo uharibifu mwingi unapotokea. Wengi wanaamini rangi hizi ni za urembo, au ni alama ya kiwanda. Konekta ya buluu, UPC, imesuguliwa uso wake ukawa na mviringo kidogo bila kuinama. Ya kijani, APC, imesuguliwa kwa mshazari wa nyuzi 8. Mshazari huo una kazi: mwanga unaogonga uso wa kioo na kutaka kurudi ulikotoka huelekezwa pembeni, ukapotelea kwenye ganda. APC nzuri hurudisha sehemu moja tu kwa milioni ya mwanga, yaani desibeli 60. UPC hurudisha karibu mara kumi ya hapo, ambayo bado ni kidogo na inatosha kabisa kwa swichi za ofisini.

Ya kijani na ya buluu zikichomekwa pamoja, nyuso mbili hazikutani. Pengo la hewa linabaki kati ya viini, na kila kioo kinapokutana na hewa bila mshazari, karibu asilimia 4 ya mwanga inarudi nyuma. Desibeli kadhaa zinapotea hapohapo, na ukilazimisha, ncha zote mbili zinaweza kukwaruzika, ikiwemo ile ya mtoa huduma iliyo ndani ya kisanduku. Intaneti ya faiba ya majumbani, ile ya GPON, kwa kawaida hutumia SC ya kijani, konekta kubwa kuliko LC, na laini moja inagawanywa na splita, kifaa cha kugawa mwanga, kwa wateja 32 au zaidi. Splita ya njia 32 peke yake hula desibeli 15 hadi 17, wakati bajeti nzima, yaani upotevu wote unaoruhusiwa, ya daraja lililozoeleka, B+, ni 28. Hakuna za kutupa. Chukua konekta ya zamani dukani, au ipige picha, uilinganishe rangi na umbo. Kama upande mmoja ni kijani na mwingine ni buluu, pachikodi zenye ncha mbili tofauti zinauzwa, tena hazina ubaya wowote.

Kuna na hili ambalo hata mafundi wazoefu hulisema: pachikodi mpya ni safi, imetoka pakitini na kofia zake. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Kofia za plastiki zenyewe huacha mabaki ya plastiki na vumbi kwenye uso wa kioo. Punje ya mikroni 9, ambayo jicho haliwezi kuiona, inaziba kiini chote cha singomodi. Mbaya zaidi, ukichomeka bila kusafisha, punje inasagwa kati ya nyuso mbili na kuacha kovu lisilofutika, kisha uchafu unahamia upande wa pili. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu. Kufuta kwa shati au kidole kunaongeza mafuta. Tumia kalamu ya kusafishia ya saizi yake, milimita 2.5 kwa SC na 1.25 kwa LC, na usafishe pande zote mbili, hata ile iliyofichika ndani ya adapta. Ukiwa na darubini ya faiba, angalia baada ya kusafisha, lakini kwanza hakikisha mwanga umezimwa. Mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani na unadhuru jicho.

Wapo wanaopitisha taa nyekundu, wakaiona ng'ambo, wakatangaza waya mzima. Taa hiyo, ya nanomita 650 hivi, ni nzuri kwa kutafuta waya uliokatika au kujua upi ni upi kwenye lundo. Haikwambii umepoteza desibeli ngapi. Hilo linajibiwa na mita ya mwanga. Kwa GPON ya B+, kifaa cha nyumbani kinataka kupokea kati ya -8 na -27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Ukikuta -29, laini itakuwa inashika na kuachia hata kama taa nyekundu inang'aa vizuri.

Kuhusu urefu, watu hudhani waya wa mita 1 una kasi kuliko wa mita 10. Singomodi hupoteza karibu desibeli 0.35 kwa kilomita nzima, hivyo mita 9 za ziada ni upuuzi mbele ya konekta moja inayokula 0.3. Urefu wa ziada unadhuru kwa namna nyingine: unaviringishwa na kufungwa kwa zipu ya plastiki iliyokazwa. Faiba ya G.652.D, singomodi ya kawaida, inataka mviringo wenye nusukipenyo cha milimita 30, wakati G.657.A2, iliyotengenezwa kuvumilia kukunjwa, inavumilia 7.5. Ikibanwa zaidi ya hapo, mwanga wa 1550 huvuja kabla ya ule wa 1310, na ndiyo maana fundi akipima kwa mawimbi yote mawili, akakuta 1550 imeanguka sana na 1310 iko sawa, hutafuta kona iliyobanwa kabla ya kugusa kitu kingine. Funga kwa velkro, uilegeze kidogo.