Herufi Zilizo Chini ya Mitutu Si Saini ya Mchonga Nakshi

Wenye bunduki kongwe za marisawa wanaoniuliza nakshi ya bunduki yao ilichongwa na nani, karibu wote huanza kwa kufungua mitutu na kunionyesha, kwa fahari kubwa, herufi mbili tatu zilizogongwa upande wa chini. Dhana ya kwamba hizo ni herufi za mchonga nakshi ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana humfanya mtu alipie jina ambalo halimo kabisa kwenye bunduki anayoinunua.

Herufi BV, BP na NP zenye taji juu yake ni alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, Uingereza, ambako mitutu hupimwa usalama wake, zilizoanza kutumika mwaka 1904: ya kwanza ni ya ukaguzi, ya pili ya kupimwa kwa nguvu za mtutu, na ya tatu ya kupimwa kwa baruti isiyo na moshi. Hakuna bwana B.P. aliyenakshi nusu ya bunduki za Uingereza. Herufi ndogo zisizo na taji kwa kawaida ni za fundi wa mitutu au wa mwili wa chuma, na jina la Joseph Brazier au la Chilton likionekana ndani ya bamba la mtambo wa kufyatulia, hao walikuwa watengenezaji wa mitambo wa Wolverhampton.

Mchonga nakshi wa Kiingereza wa zamani hizo hakuwa na desturi ya kutia saini. Kazi nyingi zilipelekwa kwenye karakana za nje, kama ile ya Harry Kell wa London iliyoihudumia Purdey, kampuni ya bunduki ya London, na nyinginezo, na mwenye kampuni alitaka jina lake peke yake ndilo lionekane. Isitoshe, mchongaji alifuata mchoro wa kampuni. Yale mawaridi na vizingo vidogo vya Purdey, ambavyo asili yake huhusishwa na James Lucas, vilichongwa na mikono mingi kwa vizazi kadhaa. Kwa hiyo mchoro unakutajia kampuni, lakini haukutajii mtu. Ken Hunt, aliyeingia Purdey akiwa mwanagenzi na kufundishwa na Kell, alikuja kutia saini kazi zake, lakini huyo ni wa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mkono hutambulikana kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Tazama mstari unapoanzia na unapokatikia, jinsi tindo ilivyogeuzwa ndani ya kizingo kilichobana, idadi ya mistari ya kivuli katika kila jani, na mpangilio wa vitone vya usuli. Mimi huanzia kwenye maandishi ya jina la kampuni, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kufunga mkia wa herufi. Kisha linganisha na bunduki ambayo kumbukumbu zake zinamtaja mchongaji, au na chapa ambazo wachongaji walijiwekea kwa kupaka wino au masizi kwenye nakshi na kukandamiza karatasi juu yake. Pasipo ulinganisho huo, andika kwamba kazi “inahusishwa na” fulani, na uishie hapo.

Jina lililo juu ya mitutu nalo huwapoteza wengi: bunduki yenye jina la R. B. Rodda wa Calcutta au Charles A. Heyer wa Nairobi kwa kawaida iliundwa Ulaya, na jina hilo ni la muuzaji. Wingi wa ndege na mbwa waliochongwa haumthibitishi bingwa. Huko FN, kiwanda cha bunduki cha Herstal, Ubelgiji, chini ya Félix Funken aliyeshika idara ya nakshi mwaka 1926, michoro ileile ya katalogi ilichongwa na watu wengi, wakiwamo wanawake wengi. Hata saini yenyewe huweza kuongezwa baadaye, basi kagua kama mikato yake imechakaa sawasawa na nakshi inayoizunguka.

Baya zaidi ni imani kwamba kusugua chuma kutaibua saini iliyofichika. Msasa huondoa hasa zile kingo za mikato ambazo mimi nazihitaji. Acheni msasa, acheni na bisibisi isiyotosha mfereji wa skrubu, kwani vichwa vya skrubu navyo vimenakshiwa. Nileteeni picha iliyopigwa kwa taa ya ubavuni, chuma kikiwa kichafu kama kilivyo.